Kinu Kinacholia Usiku: Kufundisha ufahamu kwa hadithi za kutisha, darasa la saba na la nane

Mwalimu wa darasa la saba, Kasongo au Kabambare huku Maniema, anaijua hali hii. Mwanafunzi anasimama, anasoma ukurasa mzima wa Kifaransa kwa sauti safi, anaketi. Unamuuliza nini kimetokea katika habari aliyoisoma. Ananyamaza, au anakurudishia sentensi ya mwisho vilevile ilivyo kitabuni. Amesoma maneno yote na hana habari hata moja.

Mwongozo huu ni wako, mwalimu, hasa kama una ubao mmoja, chaki, darasa lililojaa na vitabu vichache au bila kitabu chochote. Unafundisha wanafunzi wa miaka 12 hadi 14, na wengine wakubwa zaidi waliochelewa kuanza. Watoto wa umri huu wanaona aibu kusimuliwa habari za sungura na fisi kama wadogo zao. Lakini waambie kwamba kuna kinu kinacholia usiku katika ua usio na mtu, na darasa zima litanyamaza kusikiliza. Ukimya huo ni mtaji, na kazi yako ni kuutumia vizuri.

Kwanza, kwa nini hofu?

Hadithi ya kutisha huishi kwa yale isiyoyasema. Msimulizi hodari hakuambii kwamba kuna mtu nyuma ya mlango. Anakuambia kwamba jana mlango ulifungwa, na leo uko wazi. Anayetaka kujua zaidi lazima aunganishe mambo mawili yaliyoandikwa mbalimbali, aongeze anachokijua mwenyewe kuhusu milango na watu, kisha akisie. Huko ndiko kusoma kwa ufahamu, na ndiko wanafunzi wetu wanakokwama. Ukiwapa habari ya kilimo cha mpunga, hawaoni sababu ya kukisia. Ukiwapa mlango uliofunguka wenyewe, wanakisia kabla hujawauliza.

Sababu ya pili ni kwamba hadithi hizi tayari ni mali yao. Hapa naomba nikupeleke mbali kidogo. Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, Uingereza, aliwapa watu hadithi ya mizimu kutoka kwa wenyeji wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waisimulie upya. Katika kitabu chake cha mwaka 1932 alionyesha jinsi walivyoibadilisha bila kujua: mtumbwi uligeuka mashua, kuwinda sili kukawa kuvua samaki, na mambo ya mizimu, ambayo hawakuyaelewa, yakafifia au yakatoweka kabisa. Watu hao walikuwa wasomi. Kilichowashinda ni kwamba hadithi ilitoka katika dunia wasiyoijua.

Basi usimletee mtoto wa Salamabila boga lililochongwa macho na kuwashwa mshumaa ndani, eti kwa sababu walimu wa Marekani hufanya hivyo kila tarehe 31 Oktoba kwa ajili ya sikukuu ya Halloween. Atamaliza nguvu zake akijaribu kuelewa boga, na habari yenyewe itampita. Mpe mto Luama, njia ya makaburi, mbwa anayebweka usiku. Vitu hivyo havihitaji maelezo, kwa hiyo akili yake yote inabaki kwenye kazi ya kusoma.

Msimu wetu wa hadithi

Kwetu hadithi ina msimu wake, nao ni kiangazi, kati ya Juni na Agosti, watu wanapoota moto nje na mvua haiwakimbizi. Tena tarehe 1 Agosti ni Siku ya Wazazi nchini Kongo: asubuhi jamaa huenda kufyeka na kusafisha makaburi ya marehemu wao, baadaye husherehekea na wazazi walio hai. Siku hiyo majina ya waliokufa hutajwa, na habari zao husimuliwa.

Shida ni kwamba shule zimefungwa sehemu kubwa ya wakati huo. Igeuze shida hiyo iwe mpango. Likizo kubwa iwe wakati wa kukusanya hadithi, na miezi ya mvua, kuanzia Septemba, iwe wakati wa kuzisoma darasani. Kama unausoma mwongozo huu katikati ya mwaka wa shule, usingoje. Anza na hadithi niliyokuandalia hapa chini.

KISANDUKU: Soma haya kabla ya kuingia darasani

Hofu ya hadithi ni nzuri kwa sababu inaishia kwenye hadithi. Ikivuka mpaka huo inaumiza watoto, na katika nchi yetu imeumiza wengi.

1. Usitumie hadithi ambayo mchawi wake ni mtoto, kikongwe, mjane au mlemavu. Usiruhusu mwanafunzi ataje jina la mtu wa kijijini au wa mtaani. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kosa hilo. Mwanafunzi akisema, "Mwalimu, hata kwetu yuko mmoja," mkatishe palepale, kwa upole: "Hapa tunazungumza juu ya watu wa hadithi tu."
2. Bunduki, moto wa nyumba na watu wanaovamia usiku visiwemo. Watoto wa Kabambare, hasa wa upande wa Salamabila, wamekulia kati ya makundi yenye silaha. Hofu hiyo wanayo tayari, na haitibiwi kwa maswali ya ufahamu.
3. Mauaji ya kweli hayatumiwi kusisimua. Tarehe 15 Julai 1871, msafiri David Livingstone alishuhudia watu wakipigwa risasi sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, wengi wao wanawake. Habari hiyo ina somo lake la historia, na ifundishwe huko kwa heshima.
4. Usijadili kama majini au mizimu wapo kweli. Kasongo ina Waislamu wengi na ni makao ya jimbo Katoliki tangu mwaka 1959, na nyumba nyingi za eneo hili zina watu wa dini zaidi ya moja. Swali letu liwe hili tu: "Maandishi yanasema nini?"
5. Mpe kila mtoto njia ya kutoka. Waambie mapema kwamba asiyetaka kusikiliza anaweza kwenda kuketi nje au kufanya zoezi jingine, na hataulizwa sababu. Mtoto anayetetemeka, anayelia au aliyeganda ghafla, usimuulize mbele ya wenzake.
6. Usiweke somo hili katika kipindi cha mwisho cha zamu ya mchana. Wako wanaorudi nyumbani peke yao kwa njia ya msituni giza likiingia.
7. Mwambie prefe, na kama kuna kamati ya wazazi iambie pia, kabla ya kuanza. Uvumi kwamba "mwalimu anafundisha uchawi" huenea haraka kuliko maelezo yako.

Hadithi ya kuanzia

Hii nimeitunga kwa ajili ya somo. Una ruhusa kuinakili, kuibadilisha majina na kuitafsiri. Imegawanywa sehemu nne, na mgawanyo huo ndio unaobeba somo, kwa hiyo usiisome yote kwa mkupuo.

*KINU CHA USIKU*

*(1) Usiku wa kwanza kwa bibi yake, ng'ambo ya Luama, Amisi alisikia kinu. Tu. Tu. Tu. Mvua ilikuwa imekatika na kijiji kizima kilikuwa kimelala. Alinyoosha mkono gizani hadi kwenye mkeka wa bibi. Mkeka ulikuwa baridi.*

*(2) Asubuhi bibi alimcheka. "Nani atatwanga usiku, mjukuu wangu? Umeota." Lakini kinu, ambacho jana jioni kilikuwa kimelazwa ubavu, sasa kilikuwa kimesimama, na mdomoni mwake mlikuwa na unga mbichi. Bibi alimpa Amisi muhogo kwa mkono wa kushoto. Amisi alishangaa, kwa maana bibi ndiye aliyemfundisha kutoa na kupokea kwa mkono wa kulia. Mkono wa kulia wa bibi ulikuwa umefungwa kitambaa.*

*(3) Usiku wa pili kinu kililia tena, kisha kikanyamaza. Amisi alichungulia katika ufa wa mlango. Kitu kirefu, cheupe juu, kisicho na uso, kilivuka ua na kushika njia ya makaburi. Hakikutoa sauti ya miguu. Mbwa wa bibi, ambaye hubwekea hata mbuzi, alikifuata akitikisa mkia.*

*(4) Kulipokucha Amisi alifuata alama katika matope. Zilipita kando ya makaburi, hazikuingia. Zilikwenda hadi kwenye kibanda ambacho watu walikuwa hawakisogelei tena tangu mwenyewe alipougua. Mlangoni palikuwa na kikapu kitupu, na juu yake kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri. Ndani mtu alikohoa. Amisi alirudi nyumbani polepole. Jioni ile, kabla ya kulala, aliuchukua mchi akauweka kando ya mkeka wake mwenyewe.*

Angalia vile hadithi isivyokuambia mahali popote kwamba bibi ndiye aliyekuwa akitwanga, kwamba anamlisha mgonjwa kwa siri, wala kwamba Amisi ameamua kumsaidia. Yote hayo yamo katika dalili tu: mkeka baridi, mkono uliofungwa, mbwa anayetikisa mkia, kitambaa cheupe, mchi. Kama utamwambia mwanafunzi hata moja, umemnyang'anya zoezi.

Kwa hadithi ya kwanza ninapendelea fumbo linalofumbuka kama hili. Mwanafunzi akishaona kwamba dalili zinafika mahali, atakuwa na uvumilivu wa kuzitafuta katika maandishi magumu zaidi. Hadithi zinazoacha swali wazi ziwekee muhula wa pili.

Maandalizi ya siku iliyotangulia

- Andika sehemu ya 1 na ya 2 upande wa kushoto wa ubao, ya 3 na ya 4 upande wa kulia. Funika kila sehemu kwa kitenge au gunia. Ubao ukiwa mdogo, andika mbili, zifute, uandike mbili nyingine. Waliosoma wanakili dalili tu, si maandishi yote.
- Soma hadithi kwa sauti ukiwa peke yako. Jua utanyamaza wapi.
- Panga makundi ya watu wanne wanne. Katika kila kundi awemo angalau mmoja anayesoma bila shida.

Somo lenyewe, hatua kwa hatua

Dakika 45 zinatosha. Ukiona muda hautoshi, gawanya somo kwa siku mbili, ukate baada ya sehemu ya 2. Watarudi kesho yake bila kukosa.

1. *Fungua kwa kichwa cha habari tu (dakika 3).* Andika "Kinu cha usiku." Uliza: kinu hulia saa ngapi kwa kawaida? Nani hutwanga? Kwa nini usiku ni jambo la ajabu? Usiongeze neno lako.

2. *Funua sehemu ya 1 (dakika 7).* Wasome kimya kwanza. Kisha mmoja asome kwa sauti. Baada ya hapo kila mwanafunzi aandike sentensi moja katika kaye yake: "Nadhani ..., kwa sababu maandishi yanasema ..." Nusu ya pili ya sentensi hiyo ni ya lazima. Anayeandika "Nadhani ni zimwi" bila sababu, mrudishe ubaoni akatafute neno linalomuunga mkono. Huenda asilione, na huko kutoliona kutamfundisha.

3. *Funua sehemu ya 2 (dakika 8).* Sasa makundi yaanze kazi. Kila mmoja ana wadhifa: wa kwanza anakisia kitakachofuata, wa pili anauliza swali, wa tatu anafafanua neno au jambo gumu, wa nne anafupisha kwa sentensi moja. Katika kila sehemu mpya wadhifa unahamia kwa jirani. Mbinu hii ilichapishwa mwaka 1984 na Annemarie Palincsar na Ann Brown, watafiti wa Marekani, baada ya kuijaribu na wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa wanasoma vizuri kwa sauti lakini hawaelewi. Yaani wanafunzi kama wale wako.

4. *Simama kwenye mkono wa kushoto.* Usipite hapa haraka. Mtoto wa kwetu anajua mara moja kwamba mkubwa hatoi chakula kwa mkono wa kushoto. Mgeni asiyejua desturi hiyo angeipita dalili bila kuiona. Waulize: "Nani aliona jambo lisilo la kawaida katika sehemu hii? Ulijuaje kwamba si la kawaida?" Mwanafunzi akijibu, "Kwa sababu nyumbani hatufanyi hivyo," mwambie wazi kwamba amefanya jambo kubwa: ametumia anachokijua kuelewa anachokisoma.

5. *Funua sehemu ya 3 (dakika 10).* Hapa darasa litachangamka, acha lichangamke. Kisha tulia nao kwenye mbwa. Kwa nini anatikisa mkia? Makundi mengi yatabadilisha dhana yao hapa. Kila mmoja arudi kwenye sentensi yake ya kwanza, aikate kwa mstari mmoja unaosomeka, aandike mpya chini yake. Usiruhusu wafute kabisa. Unataka wao na wewe muone mawazo yalivyobadilika.

6. *Funua sehemu ya 4 (dakika 10).* Wasome kimya, mara mbili. Swali moja tu kwa darasa zima: "Kwa nini Amisi aliuweka mchi kando ya mkeka wake?" Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kumteua mtu. Wenye mikono ya haraka wapo kila darasa, na mara nyingi wanawaziba wenye mawazo.

7. *Funga mchana (dakika 5).* Waambie wataje kila dalili na maana yake, moja baada ya nyingine, hadi kitu cheupe kiwe bibi aliyebeba kikapu kilichofunikwa kitambaa, akitembea pekupeku kwenye matope. Asiondoke mtoto akibaki na kitu kisicho na uso kichwani.

Maswali ya namna tatu

Taffy Raphael, Mmarekani pia, aliwafundisha wanafunzi kuuliza kwanza *jibu liko wapi* kabla ya kulitafuta. Ni tabia rahisi na inaokoa muda mwingi wakati wa mtihani. Kwa hadithi yetu:

*Jibu liko katika mstari mmoja.* Asubuhi, kinu kilikuwa kimekaaje? (Kimesimama, na unga mbichi mdomoni.)

*Jibu liko katika mistari miwili au zaidi.* Tunajuaje kwamba kitu cheupe hakikuwa kigeni pale nyumbani? (Unganisha mbwa wa sehemu ya 3 na kitambaa cha sehemu ya 4.)

*Jibu liko kati ya maandishi na kichwa chako.* Kwa nini bibi alifanya kazi yake usiku na kuificha hata kwa mjukuu wake? Hapa majibu yatatofautiana. Mmoja atasema anaogopa maneno ya majirani, mwingine atasema hataki kumuaibisha mgonjwa, mwingine kwamba anamlinda Amisi. Kubali kila jibu linaloshikwa na dalili. Kataa lisiloshikwa, hata kama limesemwa vizuri.

Baada ya wiki mbili, wao ndio watunge maswali, moja la kila namna. Utamgundua asiyeelewa upesi zaidi kwa swali analolitunga kuliko kwa jibu analolitoa.

Kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakiweka Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia, huku ikizipa nafasi lugha za taifa, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha hizo nne. Mtihani utakuja kwa Kifaransa. Walimu wengine wanahofu kwamba kusoma Kiswahili ni kupoteza muda wa Kifaransa. Mimi naona kinyume chake: ujuzi wa kutafuta dalili ukishajengwa katika lugha wanayoielewa, unahamia katika lugha ya pili. Usipojengwa kokote, hakuna cha kuhama.

Fanya hivi: siku ya kwanza hadithi kwa Kiswahili. Siku ya tatu, hadithi ileile kwa Kifaransa chepesi ulichokiandika mwenyewe, sentensi fupi fupi. Wiki inayofuata, hadithi mpya kwa Kifaransa, lakini majadiliano ya makundi yaruhusiwe kwa Kiswahili. Majibu ya mwisho yaandikwe kwa Kifaransa.

*Maneno ya kuandaa kwa "Kinu cha usiku":* le mortier (kinu), le pilon (mchi), l'ombre (kivuli), le bruit (sauti, kelele), soudain (ghafla), la natte (mkeka), le tissu (kitambaa), peut-être (huenda), on dirait que (ni kama kwamba). Mawili ya mwisho yafundishe vizuri zaidi kuliko mengine, kwa sababu ndiyo yanayomwezesha mwanafunzi kukisia kwa Kifaransa bila kusema jambo asilo na uhakika nalo.

Na wakiandika Kiswahili, wataandika kama wanavyosema Maniema: *mutu*, *mukubwa*, *iko*. Usimwage wino mwekundu juu ya maneno hayo wakati unapima ufahamu. Weka alama ya maana kwanza. Kiswahili sanifu kina kipindi chake, na mtoto aliyekatwa maksi kwa *mutu* ataandika kidogo zaidi kesho.

Makosa yanayoua somo

- *Kuuliza "Mmeelewa?"* Darasa litaitikia "Ndiyooo!" na hutajua lolote. Uliza, "Mbwa alifanya nini, na inatuambia nini?"
- *Kufichua siri mapema.* Darasa likinyamaza, mwalimu hujaza ukimya kwa jibu. Vumilia.
- *Kuigiza kupita kiasi.* Ukipiga meza na kupiga kelele, watoto watakukumbuka wewe na kuisahau hadithi. Soma kwa sauti ya kawaida, hata ya chini.
- *Maswali ishirini.* Matano mazuri yanatosha.
- *Kuwacheka waogopao.* Wavulana hasa hupenda kuonyeshana ushujaa kwa kuwacheka wenzao. Zuia jambo hilo siku ya kwanza kabisa.
- *Kuwapa kazi ya kufanya usiku nyumbani peke yao.* Kibatari ni ghali, na hofu gizani haina wa kuijibu. Kazi ifanywe mchana.

Kusahihisha kwa haraka

Kwa darasa kubwa, pima kwa maksi 10: 2 kwa jambo lililotajwa wazi, 3 kwa kuunganisha sehemu mbili, 3 kwa kukisia kwenye sababu iliyotoka katika maandishi, 2 kwa muhtasari wa sentensi mbili. Kila wiki chukua kaye za safu moja tu, mwezi ukiisha umezipitia zote. Angalia sana zile sentensi zilizokatwa kwa mstari. Mwanafunzi ambaye hajabadilisha dhana hata mara moja, ama ni hodari sana, ama hasomi. Utajua kwa kumuuliza maswali mawili ya mdomo.

Utapata wapi hadithi nyingine?

Kama unaweza kupata kitabu kutoka Tanzania au kwenye simu ya mtu, tafuta *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichotoka mwaka 1960. Maiti inakutwa mahali pa mizimu panapoogopwa, na mpelelezi Bwana Msa anafuata dalili badala ya kufuata uvumi. Kwa kuwa kuna mauaji ndani yake, kisome mwenyewe kwanza, uchague vipande. Ya zamani zaidi ni hadithi ya nunda mla watu, iliyokusanywa Zanzibar na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870. Paka wa sultani anaanza kwa kula mifugo, na sultani anamtetea kila mara, mpaka wanaliwa wana wa sultani mwenyewe. Kila anapotetewa, simamisha somo, uliza: safari ijayo atakula nini? Pia mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014, unatoa hadithi za bure kwa Kiswahili na Kifaransa zinazoruhusiwa kunakiliwa. Nyingi ni za watoto wadogo, lakini zinawafaa wale wa darasa la saba ambao bado wanajikokota.

Hata hivyo hazina kubwa iko kwa wazee wa kwetu: Wabangubangu wa Kabambare, Wazimba na Wakusu wa Kasongo, wavuvi wa Wagenya kwenye Lualaba. Kabla ya likizo kubwa, mpe kila mwanafunzi kazi hii:

1. Chagua mzee mmoja wa nyumbani. Muombe ruhusa, mweleze kwamba hadithi itasomwa shuleni. Akikataa, mshukuru, utafute mwingine. Tarehe 1 Agosti, baada ya kutoka makaburini, ni siku nzuri, lakini ngoja watu wapumzike.
2. Sikiliza mara ya kwanza bila kuandika. Hadithi ikisimuliwa kwa Kibangubangu au lugha nyingine ya nyumbani, iache hivyo.
3. Kesho yake mchana iandike kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Neno lisilo na Kiswahili chake liandike kama lilivyo.
4. Rudi kwa mzee, umsomee. Atarekebisha. Andika marekebisho yake.
5. Chini andika nani alisimulia, kijiji gani, mwaka gani, kama mwenyewe amekubali jina lake litajwe.
6. Hadithi yenye jina la mtu aliye hai anayetuhumiwa ubaya usiilete.

Septemba, zisome zote mwenyewe kabla hujamwonyesha mtu. Ondoa zinazovunja masharti ya kisanduku. Kati ya zilizobaki chagua nne, ukate kila moja mahali penye dalili, kama tulivyofanya na kinu. Nakala safi ya kila hadithi iwekwe kwenye kabati la prefe ili mwalimu wa mwaka ujao aikute. Nakala ya pili mwanafunzi aipeleke kwa mzee aliyeisimulia.